"Hadhi ya ada" ni nini? Kinachoamua utalipa kiasi gani Oxford au Cambridge

Chukua wanafunzi wawili wa historia pale Cambridge. Wanasikiliza mhadhara mmoja, wanasoma vitabu vilevile, wanafanya mtihani uleule. Kwa walioanza masomo mwaka 2025, mmoja ada yake ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka. Mwenzake alilipa pauni 27,024, na hapo koleji anayoishi na kufundishwa ndani ya chuo bado haijadai chake. Wote wawili waliingia kwa alama zilezile. Wanachotofautiana ni hadhi ya ada.

Hadhi ya ada ni jibu la swali ambalo chuo hujiuliza kabla ya kukupigia hesabu: huyu ni mwenyeji, au ametoka nje? Kwenye barua litaandikwa neno moja tu, "Home" au "Overseas". Kwa mwenyeji wa shahada ya kwanza, serikali imeweka kikomo ambacho chuo hakiruhusiwi kukivuka, tena mwenyeji huyo hukopeshwa na serikali ada yote, akaanza kulipa baadaye akishapata kazi. Kwa aliyetoka nje hakuna kikomo, wala mkopo huo haumhusu. Kwa hiyo anayeingia mtandaoni, akaikuta ile 9,535, akampigia baba simu kwa furaha, kasoma bei ya watu wengine.

Haikuwa hivi tangu zamani. Julius Nyerere aliposoma Edinburgh, kati ya 1949 na 1952, mgawanyo huu haukuwapo. Ulianza 1967, wageni walipotozwa pauni 250 na wenyeji wakabaki kwenye 70. Kisha serikali ya Margaret Thatcher ikaamua kwamba mgeni abebe gharama yote ya masomo yake, na kuanzia mwaka wa masomo wa 1980 ruzuku kwa wanafunzi wapya wa kigeni ikakatwa. Leo mambo yamegeuka juu chini: vyuo vingi vya Uingereza huziba kwa ada za wageni pengo linaloachwa na utafiti na ada ya wenyeji. Mgeni amekuwa mfadhili, ingawa hakuna anayemwita kwa jina hilo.

Kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba pasipoti ndiyo inayoamua. Kijana wa Kizanzibari aliyezaliwa London akakulia Muscat anaweza kuwa na pasipoti ya Uingereza mfukoni na bado akahesabiwa wa nje. Kanuni ya kawaida inataka mambo mawili kwa pamoja: siku masomo yanapoanza uwe na haki ya kuishi Uingereza bila ukomo wa muda, na uwe umeishi huko kweli kwa miaka 3 iliyotangulia. Ikiwa wazazi walitoka kwa muda tu, kwa mfano kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili, kuna nafasi ya kujitetea, lakini nyaraka ndizo zitakazosema.

Kuna kifungu kingine ambacho watu hukiruka. Makazi yale ya miaka 3 hayatakiwi kuwa ya shule. Mzazi aliyempeleka mtoto shule ya bweni kule akitegemea kwamba akifika chuo atalipiwa kama mwenyeji, atakuwa amelipa karo kubwa mara mbili. Kinyume chake, aliyepewa hadhi ya ukimbizi na Uingereza hahitaji kutimiza miaka 3 hiyo, jambo ambalo familia za Wakongo na Warundi walioko huko zingefaa kulijua mapema. Anayeamua ni chuo chenyewe, kwa kutumia fomu ya maswali. Ukiona wamekuweka kundi lisilo lako, bisha kabla hujaikubali nafasi.

Sasa tuseme wewe ni wa nje, kama atakavyokuwa karibu kila anayetuma maombi akiwa Mombasa au Mwanza. Kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba kozi hazilingani. Mwenyeji wa mwaka 2025 alilipa 9,535 akisoma historia, na hiyohiyo akisoma udaktari. Kwako wewe maabara na hospitali zimo kwenye bei: udaktari Cambridge, kwa walioanza 2025, ulikuwa pauni 70,554 kwa mwaka, na kozi yenyewe ni ya miaka 6.

Halafu kuna koleji. Oxford na Cambridge ni vyuo vikuu vilivyoundwa na koleji nyingi zinazojitegemea, na koleji ndipo unapolala, unapokula na unapokutana na mwalimu wako wa karibu. Oxford wameijumlisha ada ya koleji ndani ya ada ya chuo. Cambridge wanaitoza kando, na kwa mwanafunzi wa nje ni kama pauni 10,000 au zaidi kwa mwaka kutegemea koleji. Si kodi ya chumba hiyo. Chumba na chakula vina hesabu yake.

Kwa maisha, kipimo cha chini kabisa ni kile cha watu wa viza. Mwaka 2025 ulianza kwa kiwango cha pauni 1,136 kwa mwezi nje ya London na 1,483 ndani ya London, kikipigiwa miezi 9. Ukiwa Oxford au Cambridge, hiyo ilikuwa pauni 10,224. Mihula yao ni mifupi, wiki nane nane mara tatu, na mwenyeji likizo anarudi kwao kwa treni. Wewe ama unalipia chumba ubaki, ama unalipia ndege.

Tukijumlisha kwa yule mwanahistoria wetu: 27,024, weka 10,000 ya koleji, weka 10,224 ya kula na kulala, inakuwa pauni elfu 47 na ushee kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni kama 141,700. Ukikadiria pauni kwa shilingi 170 za Kenya, hiyo ni milioni 24 hivi. Kwa shilingi 3,300 za Tanzania, ni kama milioni 468. Na hiyo ndiyo kozi ya kundi la bei ya chini.

Hapo bado viza, ambayo Aprili 2025 ilipanda ikawa pauni 524, na tozo ya kutumia hospitali za serikali, pauni 776 kwa kila mwaka, inayolipwa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni cha lazima kwa waombaji kutoka nchi zetu.

Lakini penye kuumiza zaidi ni namna fedha inavyotakiwa kuonekana. Ada ya mwaka wa kwanza na ile pesa ya miezi 9 lazima vikae benki siku 28 mfululizo, kwa jina lako au la mzazi, bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Kiwanja cha Kigamboni hakihesabiki. Ng'ombe hawahesabiki, wala mzigo uliojaa dukani. Harambee ikichangwa vizuri lakini fedha ikaingia wiki moja kabla ya kutuma ombi, mbele ya ofisa wa viza ni kama haikuchangwa.

Usiwe na matumaini makubwa ya kujisomesha kwa vibarua. Viza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini Cambridge hawataki mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye kazi muhula ukiendelea, na Oxford nao wanabana.

Ufadhili upo, ila mwingi umekaa juu ya shahada ya kwanza. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni ya uzamili wa mwaka mmoja na inadai uzoefu wa kazi. Rhodes ya Oxford na Gates ya Cambridge ni za waliokwisha kuhitimu. Zile za Jumuiya ya Madola zinawafaa Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda, lakini Burundi na Kongo si wanachama. Kwa anayetoka kidato cha sita moja kwa moja, mlango wa kuujua ni Reach Oxford, kwa wanafunzi wa nchi za kipato cha chini: ufadhili huo hulipa ada, posho ya kuishi na tiketi moja ya kwenda na kurudi kila mwaka. Nafasi ni chache mno, na ombi la chuo linatangulia, ambalo mwisho wake ni katikati ya Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza.