Malaria hamna, typhoid hawaielewi, homa iko palepale: tuongee kuhusu mkojo wa panya

Masika yakianza tu na maswali yanaanza. Watu wakishajua unafanya kazi maabara ya vimelea vya wanyama basi wewe ndo unakuwa mtu wa panya, na maswali yenyewe yanafanana, panya kamng'ata mtoto tufanyeje, panya kapita kwenye unga tuutupe ama tuuchekeche, panya kafia darini je tutaumwa. Ni maswali ya msingi kabisa. Ila swali ninalotamani watu waulize zaidi ni hili, ule mkojo wake je? Kwasababu mimi nikiona maji yamesimama uani kwa watu na watoto wanachezea pekupeku, meno ya panya siyafikirii kabisa, nafikiria figo zake.

Kuna bakteria anaitwa leptospira. Ni mwembamba sana, amejisokota kama springi, kwa darubini ya kawaida humuoni mpaka upate ile ambayo nyuma yake pana giza halafu yeye anaonekana anang'aa anajinyonganyonga. Huyu akishaingia kwa panya anaenda kukaa kwenye figo, kwenye vile vijia vidogo vinavyopitisha mkojo, anazaliana humo na panya haumwi. Hapo ndo penye tatizo lote, panya haumwi! Anakula, anazaa, anatembea, na kila anapopita anaacha mkojo wenye bakteria, wanaweza kufika mamilioni kwenye mililita moja, na anaweza kuendelea hivyo miezi na miezi hadi anakufa. Sio panya tu pia, ng'ombe, nguruwe na mbwa wanambeba, lakini mjini anayelala nyumba moja na wewe bila ruhusa ni panya.

Mkojo ukianguka kwenye saruji kavu juani, bakteria anakufa haraka. Ukianguka kwenye tope, kwenye mtaro, kwenye dimbwi la maji yasiyo na chumvi, pana joto na kivuli, anaweza kuishi wiki kadhaa, hata miezi. Sasa wewe fikiria bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam mvua ikinyesha, Jangwani pamejaa maji, mashimo ya panya yote yamezama, taka zinaelea, na watu wanakatiza kwenda kazini suruali zimekunjwa. Hahitaji kidonda kikubwa, mchubuko mdogo wa kiatu unamtosha, au ngozi iliyolainika kwa kukaa majini muda mrefu, au macho, pua na mdomo maji yakikurukia.

Wengi jina mnalijua, ila hamjui kama ndo huyuhuyu. Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walianza kufika kituo cha afya cha Mbekenyera wana homa, kichwa, uchovu mkali na wengine damu zinawatoka puani, na mitandaoni hofu ikawa kubwa. Wakapimwa Ebola, Marburg, Korona, vyote hamna. Tarehe 18 Julai waziri wa afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni leptospira, Homa ya Mgunda, wagonjwa 20 na watatu wamefariki. Nilifurahi kwamba jina limetajwa hadharani, lakini kilichoniuma ni kuona watu wakiamini ni ugonjwa mgeni uliotokea Lindi ukaishia Lindi. Hapana jamani. Wenzetu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wamekuwa wakimtoa huyu bakteria kwenye panya na mifugo miaka mingi, hadi kuna aina moja imepewa jina la Sokoine.

Na hospitali yuko. Huu utafiti wa Moshi kila nikiufikiria nakosa raha: mwaka 2007 na 2008 walichukua wagonjwa 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali mbili, watoto kwa wakubwa, wakawapima kwa undani. Zaidi ya 60% walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli? 1.6%. Na kati ya wale waliopimwa bakteria wanaotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nao, leptospira peke yake watu 40, na hakuna hata mmoja ambaye daktari wakati anamlaza aliandika kwamba huenda homa hii imetoka kwa mnyama. Sisemi madaktari ni wabaya, ninawajua, wana foleni ya watu kibao na kipimo kilichopo ni kile cha malaria cha kutoboa kidole, kwahiyo wanafanya na walichonacho. Siku hizi kipimo kikisema malaria hamna kinachofuata sote tunakijua, una typhoid na UTI. Wengi wanaambiwa hivyo kwa Widal, kipimo ambacho kinaweza kusema ndiyo kwasababu tu uliwahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo zamani, halafu mtu anameza dawa wiki nzima huku figo zinaharibika. Wenzetu wa Brazil nao yaliwakuta, mji wa Salvador mwaka 1996 leptospira ilipiga mitaa duni isiyo na mifereji ya maji machafu, wagonjwa wazito 326, kama 15% wakafa, na 42% mara ya kwanza walikuwa wameambiwa ni dengue.

Kwahiyo dalili zijulikane. Homa inaanza ghafla na kutetemeka, mara nyingi siku 5 hadi 14 baada ya kukutana na yale maji, japo inaweza kuchelewa hadi mwezi. Kichwa kinauma vibaya. Misuli inauma, hasa vigimbi, yani mtu ukimbinya vigimbi anaruka. Macho yanakuwa mekundu lakini hayatoi tongotongo, hiyo mimi naiona ni alama nzuri sana na watu wanaipita tu wakidhani ni usingizi. Wengi wanapona wenyewe bila kujua waliumwa nini, ila kuna wachache inarudi kwa nguvu, macho yanageuka njano, mkojo unapungua, wengine wanakohoa damu kwasababu mapafu yanavuja, na hapo hata hospitali nzuri inaweza kumpoteza mtu.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa zipo na sio za gharama, doxycycline kwa mgonjwa ambaye hajazidiwa, penicillin au ceftriaxone ya mshipa kwa aliyezidiwa, na zinasaidia zaidi zikianza mapema. Tafadhali usisome hapa ukaenda duka la dawa kujinunulia, doxycycline kwa mfano mjamzito hapewi hivihivi. Mpe daktari taarifa ambayo hana. Mwambie, dokta siku kumi zilizopita nilitembea kwenye maji ya mafuriko, nina kidonda mguuni, kwangu kuna panya, naomba uifikirie leptospira. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani kwasababu kipimo chenyewe ni kigumu, kile kikuu kinahitaji maabara inayofuga bakteria walio hai ili kuchanganya na damu yako, zahanati haiwezi, na wiki ya kwanza kinga bado hazijatoka kwahiyo majibu yanaweza kusema hamna wakati upo. Daktari anaruhusiwa kuanza matibabu kwa kushuku.

Yale maswali mengine kwa ufupi. Aliyeng'atwa aoshe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni halafu aende hospitali, kuna homa ya kung'atwa na panya ambayo nayo inatibika. Unga aliotembelea tupa, bakteria wa kuharisha kama salmonella hawachekechwi. Tauni ni habari nyingine, inapita kwa viroboto, na aliyefia darini mtoe kwa glovu, mwagia jiki kwanza usifagie vumbi kavu. Na ile meseji ya WhatsApp ya mtu aliyekufa kwasababu ya kopo la soda lenye mkojo wa panya sijawahi kuona ushahidi wake, bakteria huyu hapendi ukavu. Futa kopo ndio, ni usafi, ila hofu yako iweke kwenye maji na matope.

Kuhusu kuwaua. Watu wanaweka sumu wakiona wanne wamekufa wanashangilia, wakati jalala liko palepale nyuma ya nyumba na ndani ya muda mfupi wanaingia wengine. Kule Vancouver, Canada, watafiti waliona kitu cha kushtua, mitaa walipowaua baadhi ya panya, waliobaki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba leptospira kuliko mwanzo. Wanadhani ni kwasababu ukivuruga ukoo wa panya wanaanza kupigana na kuhamahama, wanaambukizana. Kwahiyo mtego sawa, ila anza na chakula chao na mashimo yao, taka zifunikwe, nyufa zizibwe, maji yaliyosimama yaondolewe.

Na kuna watu nawafikiria kila mvua inaponyesha, vijana wanaozibua chemba na kutapisha vyoo, wale tunaowaita vyura. Ufaransa mfanyakazi wa mifereji ya maji machafu anaweza kupewa chanjo ya ugonjwa huu, huku kwetu kijana anaingia kifua wazi na anapewa hela kidogo na maji ya kuoga. Ukimwita kwako muandalie gambuti na glovu ndefu za mpira, akiwa na mchubuko ufunikwe kwa kitu kisichopitisha maji au aje mwingine, akimaliza aoge kwa sabuni palepale. Chukua na namba yake. Wiki mbili tatu zikipita mpigie umuulize kama amepata homa, na kama anayo aende hospitali aseme alikuwa ndani ya chemba lini.