Namaste haina fumbo hilo

Huenda umewahi kusikia kwamba "namaste", salamu ya Wahindi, maana yake ni "uungu ulio ndani yangu unausujudia uungu ulio ndani yako". Tafsiri hiyo inapendeza, na madarasa ya yoga ya Ulaya na Marekani yameieneza sana, lakini neno lenyewe halisemi hivyo. Ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India: "namas" ni kuinama kwa heshima, "te" ni kwako. Basi. Nakuinamia.

Wapo Wahindu wanaolipa neno hilo uzito wa kiroho, na wana haki yao. Ila anayemwamkia jirani asubuhi kule Delhi kwa kawaida hatoi mahubiri, kama nasi tusivyowaza miguu ya mtu tunaposema "shikamoo", ingawa asili yake husemwa kuwa ni "nashika miguu yako". Wahindi, kwa kweli, huigusa hasa miguu ya wakubwa wao.

Kuunganisha viganja wakati wa kusema namaste nako, kuitwako "anjali", si kwa Wahindu peke yao. Thailand huita "wai": kadiri mikono inavyopanda kuelekea usoni, ndivyo heshima inavyozidi. Mkubwa hatangulii kumpa mdogo, na mtawa wa Kibuddha kwa desturi harudishi. Kambodia ni "sampeah", yenye ngazi 5, na ya juu kabisa ni ya sala. Japani ishara hiyohiyo huitwa "gassho". Utaiona hekaluni na mezani kabla ya kula, lakini wakikutana njiani, Wajapani huinama tu.