Filamu ya ndugu ni filamu gani hasa?

Neno "ndugu" kwetu ni pana mno. Binamu ni ndugu, mtu wa kijijini kwenu ni ndugu, hata mwenzio wa kwenye mkutano wa chama ni ndugu. Tunaposema drama ya ndugu tunamkusudia yule wa toka nitoke, mliyenyonya ziwa moja.

Lakini kaka na mdogo wake wakipiga majambazi pamoja mwanzo hadi mwisho, hilo ni picha la ngumi tu. Drama ya ndugu inataka udugu wenyewe ndio ulete balaa. Mke na mume wana talaka, rafiki unaweza kumkwepa mtaani. Ndugu utamwacha vipi? Na kwa kawaida pana deni kati yao ambalo halikuandikwa popote.

Waliolelewa na picha za Kihindi waikumbuke Deewaar ya 1975, aliyoiongoza Yash Chopra. Baba, kiongozi wa wafanyakazi, anatishiwa familia yake mpaka anasaini kuwasaliti wenzake, kisha anatoroka kwa aibu. Watu wenye hasira wanamchora mtoto wake mkubwa, Vijay, maneno mkononi: baba yangu mwizi. Mama anahamia Bombay na wanawe, anabeba zege. Vijay anaacha shule ang'arishe viatu, ili Ravi asome.

Hapo ndipo deni linapozaliwa. Vijay (Amitabh Bachchan) anakuwa kuli bandarini, halafu tajiri wa magendo. Ravi (Shashi Kapoor), aliyesomeshwa kwa jasho hilo, anakuwa polisi na kupewa faili la kaka yake. Chini ya daraja Vijay anajigamba kwa majumba, magari na fedha za benki, anamuuliza mdogo wake ana nini. Ravi anajibu kwamba yeye anaye mama. Jibu zuri, ila mimi huwa namwona Ravi mkavu kidogo: shule ile alilipiwa na nani?

Vijay hutembea na beji ya bandarini namba 786, namba ambayo kwa Waislamu wengi ni hesabu ya Bismillahi, yaani jumla ya herufi zake kila moja ikipewa namba. Inamkinga mpaka siku inapomponyoka, na risasi ya Ravi inampata. Steringi anafia mapajani mwa mama yake, hekaluni. Tuliozoea kwamba steringi hafi tulikoma.

Deni laweza pia kusahaulika. Katika Rain Man ya 1988, Charlie anakasirika kwamba urithi wa dola zaidi ya milioni 3 umekwenda kwa Raymond, kaka mwenye usonji ambaye hakujua kama yupo. Anamchukua toka makao ya matunzo anakoishi, kwa ajili ya fedha. Njiani anagundua kwamba yule mtu wa utotoni aliyemwimbia, ambaye siku zote alidhani ni wa kuwaziwa tu, alikuwa Raymond. Wakubwa walimpeleka kwenye makao yale wakihofia atamdhuru mdogo wake. Mwishoni Raymond anapanda treni kurudi huko, Charlie anabaki kituoni akiahidi kumtembelea.