Kuwa na Nywila Si Kuwa na Idhini: Sheria za Majimbo ya Marekani Dhidi ya Kuingilia Kompyuta

Mtu akiingia kwenye barua pepe yako, akasoma anachotaka, kisha akatoka bila kufuta chochote wala kuchukua hata senti, je, amekutendea kosa? Waathirika wengi hujijibu wenyewe kwamba hapana, maana hakuna kilichopotea, na kwa sababu hiyo hawaendi kuripoti. Kwa anayeishi Marekani, sheria inasema vingine. Majimbo yote 50 yana sheria ya jinai inayohusu makosa ya kompyuta, na katika sehemu kubwa ya sheria hizo kosa linaanza pale mtu anapoingia bila idhini. Wizi, uharibifu au utapeli ukifuata, adhabu huwa nzito zaidi, lakini si lazima viwepo ndipo kosa lihesabike.

Tunaandika haya kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waliohamia majimbo kama Texas, California na Michigan, na pia kwa vijana wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala wanaofanya kazi kwa mtandao ndani ya mifumo ya kampuni za Kimarekani. Hawa wa mwisho wasidhani kwamba bahari inawakinga. Sheria ya California, kifungu cha 502 cha Kanuni ya Adhabu, inatamka kwamba anayesababisha kompyuta iliyo eneo moja kuingiliwa kutoka eneo jingine huhesabiwa kuwa ameiingilia yeye mwenyewe katika maeneo yote mawili.

Kwa nini sheria za majimbo, na si za serikali kuu ya Washington? Serikali kuu inayo sheria yake ya mwaka 1986, lakini waendesha mashtaka wake kwa kawaida hushughulika na mashambulizi makubwa. Mtalaka anayefungua barua pepe zako, mfanyakazi aliyeachishwa kazi akaondoka na nywila za duka lako, au mpangaji mwenzako anayepekua kompyuta yako ukiwa kazini, kesi kama hizo huangukia kwa polisi wa mji na mwendesha mashtaka wa kaunti. Ndiyo maana sheria ya jimbo unaloishi ndiyo inayokugusa kwanza.

Jimbo la Florida lilitangulia. Katika miaka ya 1970, kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa Flagler mjini Miami, wafanyakazi wa ndani walitumia kompyuta ya kukokotoa malipo kuchapisha tiketi bandia za ushindi. Sheria za wizi za wakati ule zilitungwa kwa ajili ya vitu vinavyoshikika mkononi. Mwaka 1978 Florida ikapitisha sheria yake ya makosa ya kompyuta, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine hadi Vermont, ambayo ilikamilisha orodha mwaka 1999. Kwa kuwa kila bunge la jimbo lilitunga kivyake, maneno yanatofautiana sana, na tofauti hizo zimewapeleka watu gerezani au zimewaachia huru.

Chukua neno "kuingia" lenyewe. Katika jimbo la Washington mtu mmoja aliiagiza kompyuta yake ya nyumbani ipige simu kwa mitambo ya kampuni ya simu na kujaribu tarakimu sita za kubahatisha, tena na tena, ikitafuta namba za siri za wateja ili apige simu za mbali bila kulipa. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilithibitisha hatia yake. Miaka mitatu baadaye, huko Kansas, mtu mwingine alipiga simu kwenye modemu za kampuni ya simu, akafika mahali mfumo unapoomba nywila, na hakukuwa na ushahidi kwamba alivuka hapo. Mahakama ya Juu ya Kansas ikasema huyu hakuingia. Wa Kansas alipiga hodi mlangoni akaondoka. Wa Washington alikuwa anajaribu funguo. Mahakama ya jimbo jingine ingeweza kulisoma neno hilo kwa upana zaidi, na mtu yule yule akaonekana mwenye hatia.

Hata hivyo, mahali panapowapotosha watu wengi zaidi ni kwenye idhini. Watu hudhani kwamba mwenye nywila ana ruhusa. Sivyo. Sheria ya Texas, sura ya 33 ya Kanuni ya Adhabu, imelieleza jambo hili kwa uwazi ninaotamani majimbo yote yangeuiga. Kosa lake ni kuingia kwenye kompyuta kwa makusudi bila ridhaa halali ya mwenyewe. Halafu sheria inaeleza ni ridhaa gani isiyo halali: iliyopatikana kwa udanganyifu au vitisho, iliyotolewa na mtu unayejua hana mamlaka ya kuitoa, na, hili ndilo la kuzingatia, iliyotumiwa kwa lengo lingine tofauti na lile ilikotolewa. Kwa hiyo shangazi akikupa nywila ya akaunti yake ya benki ili umsaidie kulipa bili ya umeme, nawe ukaitumia kuchungulia anamtumia nani fedha, huwezi kujitetea kwa kusema "alinipa mwenyewe". Hata bila kuchukua kitu, kosa hilo huko Texas lina kifungo cha hadi siku 180 na faini ya hadi dola 2,000. Kukiwa na nia ya kulaghai au kudhuru, adhabu hupanda kulingana na thamani iliyohusika.

Wanandoa nao wamo. Katika kesi iliyovuma mwaka 2010 huko Michigan, mume mmoja alikuwa amefungua barua pepe za mkewe kwenye kompyuta ya nyumbani, akitumia nywila aliyoifahamu, na akagundua uhusiano wa nje. Mwendesha mashtaka wa kaunti alimfungulia shtaka la kuingilia kompyuta, kosa ambalo lingeweza kumpa kifungo cha hadi miaka 5. Kesi iliendelea hadi mwaka 2012 ndipo shtaka likaondolewa. Kwa maoni yangu kifungo cha miaka 5 ni kikubwa mno kwa mzozo wa ndani ya nyumba, na wengi walisema hivyo wakati ule. Lakini miaka miwili ya kwenda na kurudi mahakamani ni adhabu tosha kwa familia yoyote, na kwa mhamiaji ambaye hadhi yake ya ukaazi bado haijatulia, shtaka la jinai linaweza kugusa hata haki yake ya kubaki nchini. Katika jamii zetu ambako mume na mke huhesabu simu na kompyuta kuwa mali ya nyumba, jambo hili halisemwi vya kutosha.

Mkanganyiko unaongezeka kwa sababu sheria ya serikali kuu haifuati mkondo huo huo. Sajini mmoja wa polisi katika jimbo la Georgia alilipwa fedha ili atafute namba ya gari kwenye kanzidata ya polisi. Kazini kwake alikuwa na ruhusa ya kuitumia kanzidata hiyo, ila si kwa biashara binafsi. Tarehe 3 Juni 2021, katika kesi ya Van Buren, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba hakuvunja sheria ya kompyuta ya serikali kuu, kwa kuwa sehemu ile ya mfumo ilikuwa wazi kwake hata kama nia yake ilikuwa mbovu. Uamuzi huo unatafsiri sheria ya serikali kuu peke yake. Haukufuta maneno ya Texas wala ya jimbo lingine lolote. Anayesoma kichwa cha habari na kuhitimisha kwamba sasa mfanyakazi yuko huru kupekua kumbukumbu za ofisi anajiweka hatarini.

Sheria hizi hazilindi siri tu. Zinalinda pia haki ya mtumiaji halali kuendelea kupata huduma, na hapa California ina kesi ambayo kila fundi wa mitandao anapaswa kuijua. Mhandisi mmoja aliyesimamia mtandao mkuu wa jiji la San Francisco alikuwa na ruhusa kamili ya kuingia humo; ndiyo ilikuwa kazi yake. Julai 2008, alipotofautiana na wakubwa wake, alikataa kuwapa nywila. Mtandao haukuzimika, barua pepe za jiji ziliendelea kwenda, lakini kwa siku kadhaa jiji halikuweza kuusimamia mfumo wake lenyewe. Hatimaye, akiwa mahabusu, alimkabidhi nywila meya wa wakati huo, Gavin Newsom. Mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa kumnyima mtumiaji halali huduma za kompyuta, akahukumiwa kifungo cha miaka 4 na kuamriwa kulilipa jiji fidia ya takriban dola milioni 1.5. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na hukumu hiyo mwaka 2013.

Katika kesi hiyo hakukuwa na mdukuzi wa kutoka nje. Aliyejenga mfumo alijiona kuwa mwenye mfumo. Mwenye kompyuta ndiye mwenye kutoa idhini na kuiondoa, na fundi, hata awe stadi namna gani, ni mwangalizi tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta imeliweka jambo hili wazi kwa wafanyakazi wote: ajira inapokoma, mtu anapaswa kurudisha mara moja nywila na haki zote za kuingia kwenye mifumo ya mwajiri. Wanaofanya kazi za mtandao kwa wateja wa nje wangefanya vyema kuifuata kanuni hiyo popote walipo. Siku mkataba unapokwisha, kabidhi nywila kwa maandishi, na omba uthibitisho kwamba akaunti yako imefungwa. Uthibitisho huo ni kinga yako iwapo mfumo utaharibika mwezi mmoja baadaye.

Uvurugaji wa kutoka nje nao una sura yake. Mshambuliaji huifurika seva kwa maombi ya uongo mpaka watumiaji wa kweli wakose nafasi, bila hata kuingia ndani wala kujua nywila moja. Wakenya waliuonja Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliposhambulia mfumo wa eCitizen na wananchi wakashindwa kupata huduma za serikali. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo likaishambulia hospitali ya Cedars-Sinai mjini Los Angeles, na kwa muda wa karibu saa 8 wagonjwa wa dharura wakaelekezwa hospitali nyingine. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko California walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan. Mashambulizi ya ukubwa huo huenda ngazi ya serikali kuu, lakini maneno ya kifungu cha 502 yanatosha kumgusa hata mwanafunzi anayelipia huduma ya mtandaoni ili kuziangusha seva za chuo siku ya mtihani: kuvuruga huduma za kompyuta kwa kujua na bila ruhusa. Adhabu yake inaweza kufika miaka 3 na faini ya dola 10,000.

Tukiwa tunazisifu sheria hizi, tuseme pia zinapoweza kuumiza asiyestahili. Oktoba 2021 mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, jimboni Missouri, aligundua kwamba tovuti ya idara ya elimu ilikuwa inaanika namba za Hifadhi ya Jamii (namba binafsi za utambulisho) za walimu ndani ya msimbo wa kurasa zake, ambao yeyote anaweza kuufungua kwa kivinjari cha kawaida. Gazeti liliiarifu idara na kusubiri dosari irekebishwe kabla ya kuchapisha habari. Gavana Mike Parson akamwita mdukuzi na kutaka ashtakiwe. Uchunguzi ulichukua miezi, na Februari 2022 mwendesha mashtaka wa kaunti akatangaza kwamba hatafungua kesi. Walimu walilindwa na mwandishi yule, naye akakaa miezi minne chini ya kivuli cha gereza. Sheria ikiandikwa kwa maneno mapana kupita kiasi, anayetoa taarifa kwa nia njema hujifunza kunyamaza, na data za watu hubaki wazi.

Kama wewe ndiye uliyeingiliwa, pinga hamu ya kwanza, ambayo ni kufuta kila kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa. Akaunti nyingi za barua pepe zina orodha ya vifaa na mahali zilikofunguliwa. Ihifadhi kabla ya kubadilisha chochote. Kisha badilisha nywila ukitumia kifaa kingine unachokiamini, kwa sababu kompyuta iliyoingiliwa inaweza kuwa bado inamwonyesha mwingiliaji unachoandika. Ukishafanya hivyo, ripoti polisi wa mji wako na uombe namba ya ripoti. Ikiwa unaamini mhusika yuko jimbo lingine au nchi nyingine, wasilisha pia malalamiko kwenye kituo cha FBI cha makosa ya mtandao, kupitia ic3.gov.

Kiingereza kisikuzuie. Kwa miaka mingi polisi na mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu zimetakiwa, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwahudumia watu wasiomudu lugha hiyo, kwa hiyo omba mkalimani wa Kiswahili mapema, na usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya namna hii.

Na ikiwa mwendesha mashtaka hataki kuifungua kesi, jambo linalotokea mara nyingi pale hasara inapokuwa ndogo, njia haijafungwa. California, kwa mfano, inamruhusu mwenye kompyuta au data aliyepata uharibifu au hasara kumshtaki mhusika katika mahakama ya madai na kudai fidia pamoja na gharama za wakili. Muda uliowekwa ni miaka 3 tangu tendo lilipofanyika au tangu madhara yalipogunduliwa, kutegemea lipi limechelewa zaidi. Majimbo mengine yana masharti yake, kwa hiyo muulize wakili wa jimbo lako kabla muda haujapita.