Gari gani linakula matairi zaidi kwenye gemu?

Kulika kwa matairi kwenye gemu la mbio ni hesabu inayoendeshwa na kompyuta: kila tairi linaanza likiwa zima, kisha linapunguziwa uhai kadiri linavyobebeshwa mzigo na kuteleza. Katika Gran Turismo 7, gemu la Polyphony Digital lililotoka Machi 2022 kwa PlayStation, uhai huo unauona kwenye kioo cha televisheni, kila tairi na kipimo chake. Kipimo kikishuka, mshiko nao unashuka. Inabidi ufunge breki mapema zaidi, na kona uliyozoea kuipita kwa kasi inaanza kukutupa nje.

Wengi wakitaka kulinganisha magari mawili huyaendesha mizunguko kadhaa, wakatazama vipimo, wakatangaza mshindi. Jibu hilo lina kasoro, kwa sababu matairi manne hayaliki sawa. Gari linalovuta mbele, kama Volkswagen Scirocco ya kundi la Gr.4, limeyapa matairi ya mbele kazi ya kuvuta na kukata kona kwa pamoja, na breki nazo zinaelemea hukohuko. Ya nyuma yanaburuzwa tu. Gari lenye nguvu linalosukuma nyuma huumiza zaidi matairi ya nyuma, hasa dereva akikanyaga mafuta kabla usukani haujanyooka. Kwa hiyo usichukue wastani wa matairi manne. Tazama lile lililochoka kuliko yote, maana hilo ndilo litakalokurudisha piti, kituo cha kubadilishia matairi, hata kama wenzake bado wazima.

Barabara nayo ina upendeleo wake. Le Mans, barabara ya mbio ya Ufaransa, inazungukwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa; Interlagos, ya Brazil, kinyume chake. Kona zikiwa nyingi upande wa kulia, uzito unaegemea matairi ya kushoto, na kinyume chake vilevile. Matokeo ya barabara moja hayahamishiki kwenye nyingine.

Halafu kuna kizidishi. Kwenye mbio za kujipangia unaweza kuongeza kasi ya kulika mara kadhaa, ili mbio fupi ziwe na mbinu za mbio ndefu. Anayekwambia gari lake lilimaliza mizunguko 10 bila kubadili matairi hajakwambia kitu mpaka aseme kizidishi kilikuwa kingapi, na matairi yalikuwa laini, ya wastani au magumu. Ukijaribu mwenyewe, zima matumizi ya mafuta, kwani tangi likipungua gari linakuwa jepesi na mzigo wa matairi unabadilika. Endesha peke yako, dereva yuleyule, vifaa vya gemu vya kumsaidia dereva vikiwa vilevile.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kipimo cha kioo si cha kutegemewa sana. Saa ndiyo inayosema ukweli. Tuseme gari A linazunguka kwa sekunde 100 likiwa na matairi mapya, na kila mzunguko linapoteza sekunde 0.3. Gari B linaanza kwa sekunde 101, lakini linapoteza 0.1 tu. Mzunguko wa sita yanatoka sawa, kila moja sekunde 101.5, na hapo wengi husema B limeshashinda. Bado. A lina akiba ya sekunde lilizojiwekea mwanzoni, na B linamaliza kulipa deni hilo mzunguko wa 11. Ukifika wa 15, B liko mbele kwa sekunde 6. Basi mbio za mizunguko minane ni za A, lile linalokula matairi, na za mizunguko 15 bila kuingia piti ni za B.

Kwenye gemu lenyewe kasi haipungui kwa mstari ulionyooka hivyo. Tairi likikaribia kipara, muda unaweza kuporomoka ghafla, kwa hiyo andika muda wa kila mzunguko badala ya kubakiza wa kwanza na wa mwisho. Na kabla ya kulitupa gari linalomaliza matairi ya mbele, jaribu kusogeza uwiano wa breki, yaani mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, uelekee nyuma kidogo kidogo, kisha rudia mizunguko ileile. Ukizidisha, mkia utaanza kukutoroka wakati wa kufunga breki, na hapo ni matairi ya nyuma yatakayoanza kulika.