Tezi ya shingo: yanayosemwa mtaani na yanayosemwa na vipimo

Wagonjwa wengi wa tezi ya shingo wanaofika kwenye dirisha letu la dawa hapa Ilala huja na mifuko miwili. Mmoja una dawa aliyoandika daktari: vidonge vidogo vya levothairoksini, vinavyojazia homoni ya tezi iliyopungua, au kabimazoli, inayopunguza homoni iliyozidi. Wa pili ni mkubwa zaidi. Humo mna unga wa mwani, vidonge vya nywele na kucha, seleniamu, vitamini D, habbat soda, na chochote kile ambacho shoga yake au mtu fulani wa kwenye simu amemwambia "kinaponya tezi". Mimi ni mfamasia, na mfuko huo wa pili ndio unaonitia hofu. Vilivyomo si vibaya vyote. Tatizo ni kwamba karibu kila kitu kimenunuliwa kabla ya kupima, na kuna vingine vinavyovuruga hata kipimo chenyewe.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya koromeo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, usingizi. Wakati mwingine kinga ya mwili huigeukia tezi hiyo. Ikiila taratibu mpaka homoni zikapungua, huo ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la Hakaru Hashimoto, daktari mpasuaji wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Ikiichochea itoe homoni kupita kiasi, huo ni ugonjwa wa Graves, jina la daktari wa Ireland aliyeuandika mwaka 1835. Yote mawili huwapata wanawake zaidi, tena kwa mbali.

"Tezi ikiumwa, umekosa madini joto. Ongeza."

Dhana hii ina mzizi wa kweli, ndiyo maana haing'oki kirahisi. Wazee waliotoka nyanda za juu, Mbeya, Iringa na kwingineko, waliona marovu makubwa shingoni kwa majirani zao, na chanzo kilikuwa udongo na maji yenye madini joto haba. Tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula nchini itiwe madini hayo. Lakini Hashimoto na Graves ni vita vya kinga ya mwili dhidi ya tezi, na humpata hata mtu ambaye madini joto yake yametimia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Mkazi wa Dar anayepika kwa chumvi yenye madini joto na kula samaki wa baharini kutoka Feri mara nyingi anakifikia kiwango hicho bila kidonge chochote.

Madini joto yakizidi, tezi iliyokwisha kujeruhiwa haihimili. Homoni za mwenye Hashimoto huweza kushuka zaidi, na za mwenye vinundu kwenye tezi huweza kupanda ghafla, moyo ukaanza kwenda mbio. Hapo ndipo unga wa mwani unaponisumbua. Kiasi cha madini joto kwenye mwani hutofautiana mno kati ya aina na aina, hata kati ya mavuno na mavuno, kwa hiyo kijiko hakikuambii umemeza kiasi gani. Akina mama wa Zanzibar wanaolima mwani wanafanya kazi ya heshima, na mwani kwenye chakula mara mojamoja hauna neno. Ninachokikataa ni kuugeuza dozi ya kila siku kwa mgonjwa wa tezi. Hatari zaidi ni yale matone ya Lugol watu wanayojipimia nyumbani: tone moja la Lugol ya asilimia 5 lina takribani miligramu 6 za madini joto, karibu mara 40 ya mahitaji ya siku. Hospitali huyatumia kwa sababu maalumu na kwa muda mfupi, kwa mfano kumwandaa mgonjwa wa Graves kwa upasuaji.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo linakua. Familia zinaacha chumvi ya kawaida na kuhamia chumvi ya pinki ya supamaketi, ambayo kwa kawaida haijaongezwa madini joto. Kama nyumbani kuna mjamzito, soma pakiti kabla ya kununua. Na chumvi yako itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na unyevu.

Kabichi, sukuma wiki na kisamvu je? Endelea kula. Zina viasili vinavyoweza kuizuia tezi isichukue madini joto, lakini kupika hupunguza nguvu hiyo, na sisi hatuli kisamvu kibichi. Muhogo ulileta shida kule ulikokuwa chakula kikuu cha kila siku na madini joto yakiwa haba. Sahani ya muhogo wa nazi mwezi wa Ramadhani haimdhuru mtu.

"TSH yangu iko juu, maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi."

Ni kinyume chake. TSH, homoni inayopimwa kwenye damu, haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itoe homoni. Ni kama konda anayegonga bodi ya daladala: dereva asipoondoka, anagonga kwa nguvu zaidi. TSH ikiwa juu, tezi imezubaa. Ikiwa chini sana, tezi inakwenda kasi au dozi ya dawa imezidi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya takribani 0.4 na 4.0, lakini mashine hazifanani, kwa hiyo pima maabara ileile kila unapoweza na utunze karatasi zote. Majibu ya miaka mitatu yaliyopangwa kwenye faili moja humsaidia daktari kuliko jibu moja la jana.

Ukibadilishiwa dozi, usikimbilie kupima baada ya wiki moja. T4, homoni kuu ya thairoidi, hupungua nusu kwa siku saba hivi, na TSH huhitaji wiki 6 hadi 8 kutulia. Ukipima mapema utapata namba ya njiani, na dozi inaweza kubadilishwa bure.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani kila mgonjwa alijue, kwa sababu ni wachache wanaoambiwa. Vidonge vya nywele, ngozi na kucha huwa na bayotini nyingi, ambayo ni aina ya vitamini B. Mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku, ilhali vidonge hivyo hubeba 5,000, hata 10,000. Baadhi ya mashine za maabara hutumia bayotini katika kufanya kipimo, na iliyo kwenye damu yako inazichanganya: TSH inatoka chini isivyo kweli, T4 inatoka juu isivyo kweli. Karatasi inasomeka kana kwamba una Graves wakati huna. Mwenye Hashimoto anaweza kupunguziwa dawa anayoihitaji, na mtu mwenye afya njema akaanzishiwa kabimazoli. Mwanamke ambaye nywele zinamdondoka kwa sababu ya tezi ndiye anayenunua vidonge hivyo, halafu vidonge hivyo vinaificha tezi. Acha bayotini angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na mwambie mtu wa maabara unachotumia. Hatakuuliza, mwambie wewe.

Na asubuhi ya kipimo, nenda ukatolewe damu kwanza, kidonge cha levothairoksini umeze baadaye.

"Lazima kingamwili zishuke hadi sifuri."

Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza dhidi ya tezi, hasa kile cha anti-TPO, humsaidia daktari kujua chanzo. Zikionekana mara moja, jibu limepatikana. Kurudia kila mwezi kutazama zimeshuka kiasi gani ni kumaliza pesa, kwa sababu dozi haipangwi kwa namba hiyo. Inapangwa kwa TSH, T4 na unavyojisikia.

Seleniamu, aina nyingine ya madini, imepata umaarufu wake hapo. Ni kweli kwamba mikrogramu 200 kwa siku zimeonekana kushusha anti-TPO katika tafiti kadhaa. Lakini kushusha namba hiyo hakujaonyesha waziwazi kwamba mgonjwa anajisikia nafuu au anahitaji dawa kidogo. Mahali ilipoonyesha faida ni kwa wagonjwa wa Graves wenye tatizo dogo la macho, kwa miezi sita, chini ya daktari. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 hivi kwa siku, na dagaa, jodari na mayai vinazo. Ikizidi kwa muda mrefu, nywele hudondoka na kucha kukatika, dalili zilezile alizokuwa anazikimbia. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu ile karanga ya Brazili inayosifiwa mitandaoni. Korosho za Mtwara ni tamu na zina faida zake, ila si karanga hiyo, na seleniamu yake ni kidogo kwa mbali.

"Acha ngano, tezi itapona."

Wenye ugonjwa wa kinga kushambulia tezi huwa na uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na siliaki, maradhi ambayo gluteni ya ngano huumiza utumbo. Hao waache ngano kabisa. Ukiwa na kuharisha kusikoisha, kupungua uzito au upungufu wa damu usiopona, omba kipimo cha siliaki ukiwa bado unakula chapati, kwa maana ukiacha kwanza kipimo kinaweza kukosa kitu. Kwa wengine hakuna ushahidi thabiti kwamba kuacha ngano huiponya tezi. Na ugali wa dona, wali, mihogo na ndizi havina gluteni tangu mwanzo.

"Uchovu wangu wote ni tezi."

Labda. Lakini TSH ikiwa imekaa sawa miezi kadhaa na bado unaburuta miguu, tafuta kingine kabla ya kudai dozi iongezwe. Upungufu wa madini chuma ni wa kawaida kwa wanawake wetu, na tezi yenyewe huyahitaji ili itengeneze homoni. Vitamini B12 nayo huweza kupungua, kwani kinga inayoshambulia tezi wakati mwingine hushambulia pia sehemu ya tumbo inayosaidia kuifyonza. Pima wingi wa damu, pima akiba ya chuma, pima B12, na vitamini D kama daktari ataona inafaa. Kilichopungua kijazwe. Kisichopungua hakihitaji kopo.

Wapo pia waliotibiwa taifodi mara nne kwa mwaka huku TSH haijapimwa hata mara moja. Hilo linaniuma, kwa sababu antibiotiki zile hazikuwa na la kufanya kwenye tezi.

"Dawa za kila siku zinaharibu figo, nikipata nafuu naacha."

Levothairoksini ni homoni ileile ya T4 ambayo tezi yako ilikuwa inatengeneza. Ikipimwa vizuri haiharibu figo. Ikizidi, shida huwa kwenye moyo na mifupa, na ndiyo sababu ya kupima. Ukiiacha utajiona mzima siku kadhaa, maana T4 hukaa mwilini muda mrefu, kisha baridi, uzito na usahaulifu vinarudi wiki baada ya wiki bila wewe kuvihusisha na kidonge ulichoacha.

Imeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Chai ya maziwa na kahawa huipunguzia nguvu. Vidonge vya kalsiamu na vya chuma vikae mbali nayo kwa saa nne. Mwezi wa Ramadhani wengi hufanikiwa wakiimeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula mara ya mwisho. Zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama. Na kwa joto na unyevu wa Dar, kidonge kibaki kwenye pakiti yake, kisikae ndani ya gari wala juu ya friji.

Mjamzito, tafadhali sana, usiache. Katika wiki za mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake kwa ajili ya ubongo, na mara nyingi dozi huongezwa kwa robo au karibu theluthi. Nenda ukapime TSH mara tu ujauzito unapothibitika, na urudie kila wiki nne hivi hadi katikati ya ujauzito. Zile FEFO za kliniki zina madini chuma, kwa hiyo levothairoksini asubuhi, FEFO mchana au usiku.

"Macho yamemtoka, moyo unamwenda mbio, amerogwa."

Graves hufanya hivyo hasa: macho kutokeza, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku mtu anakula, hasira zisizo na sababu. TSH, T4 na kingamwili za Graves zitaonyesha. Anayevuta sigara aache, maana huzidisha ugonjwa wa macho. Na akielekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa tiba ya madini joto yenye mionzi, ndugu wasianze kulia. Tiba hiyo hutumika pia kuituliza tezi isiyo na saratani. Baadaye wengi huhitaji levothairoksini maisha yote, na mjamzito au anayenyonyesha hapewi.

Anayetumia kabimazoli ana jambo moja zaidi la kushika. Kwa watu wachache, hasa miezi mitatu ya kwanza, dawa hiyo huangusha chembe nyeupe za damu ghafla. Dalili ni homa na koo kuuma, au vidonda mdomoni. Hapa kwetu homa huitwa malaria au U.T.I., mtu akanunua dawa akalala. Kama ni wewe, sitisha kabimazoli, nenda hospitali siku hiyohiyo, waambie jina la dawa unayotumia, na pamoja na kipimo cha malaria waombe wahesabu chembe nyeupe.