Je, wajua kwa nini mtambo wa mafuta baharini hupoteza setilaiti hata anga likiwa safi?

Wengi huamini kwamba hakuna mahali pa kupata setilaiti kwa urahisi kama baharini. Hakuna mlima, ghorofa wala msitu. Basi simu ikikatika kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, lawama huangukia dhoruba au umbali kutoka nchi kavu.

Umbali huo hauhusiki. Kwa miongo mingi mitambo hii imetegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mbele ya safari hiyo, kilomita 200 za bahari si kitu. Kimo hicho ndicho kinachochelewesha mazungumzo: swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde njiani. Kuchelewa, hata hivyo, si kukatika. Dhoruba nayo husingiziwa mengi. Upepo hauligusi wimbi la redio; mvua kubwa ndiyo hulidhoofisha, hasa kwenye masafa (frikwensi) ya juu. Wala mtambo kuyumba si tatizo kubwa, kwani ndani ya lile kuba jeupe linalofunika dishi la setilaiti mna vihisi na mota zinazoligeuza dishi bila kupumzika ili libaki limelenga.

Mara nyingi kinachoziba njia ni mtambo wenyewe.

Setilaiti ya kimo hicho huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, ndiyo maana kwa aliye chini huonekana imetulia mahali pamoja. Sharti lake ni kukaa juu ya ikweta. Kadiri unavyokwenda kaskazini, ndivyo inavyoshuka kuelekea upeo wa macho. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, katika Bahari ya Kaskazini, haipandi zaidi ya nyuzi 22 hivi. Huko Goliat, uwanja wa mafuta wa Norwei katika Bahari ya Barents ulioanza uzalishaji mwaka 2016, ni kama nyuzi 10 tu.

Fikiria mwezi. Ukiwa utosini, hakuna mnazi wa kuuficha. Lakini jioni ya kuandama umelala chini magharibi, na mnazi mmoja tu unatosha kukunyima. Unasogea hatua mbili kando, unauona. Dishi la mtambo haliwezi kusogea. Na mbele yake pana mnara wa kuchimbia wenye urefu wa makumi ya mita, pamoja na kreni. Tena mtambo unaoelea unaweza kugeuzwa ukabili upepo na mawimbi, kwa hiyo ni kana kwamba mnazi ndio unaotembea: asubuhi njia ilikuwa wazi, upepo ukageuka, mnara ukaingia katikati.

Dawa ya kawaida ni madishi mawili, kila moja upande wake, na kifaa cha kuhamisha mawasiliano moja linapozibwa. Pa kuyaweka si popote: uwanja wa helikopta unadai nafasi isiyo na vizuizi, na mitambo ya redio huwekwa mbali na sehemu ambazo gesi inaweza kuvuja.

Jambo hili si dogo. Kwa njia hiyohiyo hupita takwimu za kisima, ushauri wa daktari aliye nchi kavu, na sauti ya mtoto kwa mzazi aliye kazini wiki mbili mfululizo, kama ilivyo zamu ya kawaida Norwei. Majukwaa mengi ya kudumu ya huko yana nyaya za faiba chini ya bahari, lakini mtambo wa kuchimba huhama kisima hadi kisima.

Kwenye maji ya Lindi na Mtwara, kulikochimbwa visima vya kutafuta gesi, hali hugeuka: setilaiti iko juu sana, mnara hauizibi kwa urahisi, ila mvua za kitropiki ndizo zenye kero.

Setilaiti za chini, kama za Starlink zilizo kilomita 500 hivi, zimepunguza kuchelewa, na kwa kuwa hupita nyingi, mnara ukificha moja huenda nyingine ikaonekana. Huenda, kwa sababu nazo zinahitaji kipande kikubwa cha anga, na chuma cha mtambo bado hukata sehemu yake.